Coupé tuseme "kup", "kupei" au "kupe"? Majina ya Kifaransa kwenye gari zetu

MwanaKwerekwe (mwanzisha uzi)

Assalaam alaykum wanajukwaa.

Nafanya kazi kwenye yadi ya gari hapa Mwanakwerekwe, huu mwaka wa pili. Napokea wateja, nawaeleza gari, na matangazo ya mtandaoni naandika mie. Juzi alikuja bwana mmoja na mkewe, wamerudi likizo kutoka ng'ambo, wanatafuta gari ya kumwachia mzee wao. Tuna BMW moja ya milango miwili. Nikamwambia, "Hii ni kupe, bwana, ina milango miwili." Akacheka mpaka akashika boneti. "Kupe? Kupe wa ng'ombe? Sema kup, hicho Kiingereza!" Mkewe akamkatiza: "Si kup, ni kupei." Wakaanza kubishana wenyewe kwa wenyewe, mie nimesimama na funguo mkononi. Hawakununua.

Limenikaa rohoni. Gari itapata mteja mwengine, lakini maneno haya nayatamka kila siku na sijui nilitamkalo sawa ni lipi. Coupé, cabriolet, Chevrolet, Peugeot, Renault, chassis, Porte, Progrès. Kila mtu ana lake. Mwenye yadi husema "Renoti", fundi wetu husema "Reno". Naomba waliosoma Kifaransa waniwekee sawa. Nataka kuijua kweli yake.

Yakhe505

Yakhe pole sana. Mteja kumcheka muuzaji mbele ya mkewe si uungwana. Mie kwenye video za Wamarekani nasikia "kup" tu, na ndivyo ninavyosema. Nakaa hapa nisubiri wajuzi.

FundiWaSaateni

Msilichukulie jambo dogo hili, mie limenila pesa. Mteja wangu ana gari ya milango miwili, kioo cha mlango wa dereva kimevunjika. Nikampigia simu muuza spea Dubai, nikamwambia nataka kioo cha kupe. Hakunielewa, au alielewa lake, sijui. Kilichokuja ni kioo cha gari ya milango minne, jina moja, mwaka mmoja. Nikakiweka mlangoni, kifupi! Gari ya milango miwili mlango wake ni mrefu, kwa sababu anayekaa nyuma anapitia hapo hapo. Kioo kile kinanitazama ukutani mpaka leo. Kwa hiyo mwalimu yeyote aliyepo humu aseme, nasoma.

Mwl_Machomane

MwanaKwerekwe mwanangu, wa alaykum salaam. Nimesomesha Kiingereza na Kifaransa huku Chake Chake kwa miaka mingi. Nianze na hilo lililokuumiza.

Coupé ni neno la Kifaransa, maana yake "iliyokatwa", kutoka couper, kukata. Kabla ya injini lilikuwa jina la gari la farasi. Walichukua gari kubwa ambalo abiria hukaa wakielekeana, wakaiondoa sehemu ya mbele, likabaki benchi moja linaloangalia waendako farasi. Gari iliyokatwa, basi. Injini zilipokuja, jina likahamia kwenye gari fupi ya milango miwili.

Sasa itazame ile alama juu ya e ya mwisho. É ya Kifaransa hutamkwa e kavu, e ya "pete" na "shoke". Mfaransa anasema ku-pe. Anapotofautiana nasi ni kwenye mkazo tu: yeye hukaza mwisho, kuPE, sisi hukaza silabi ya kabla ya mwisho, KUpe. Ndiyo maana ukilitamka wewe anasikika yule mdudu wa ng'ombe.

Mwingereza kumaliza neno kwa e kavu ni tabu kwake, ulimi wake huteleza ukaongeza i: kupei. Mmarekani naye kwenye kuandika aliiacha alama, likabaki coupe, na kwa kanuni za maandishi ya Kiingereza e ya mwisho kama hiyo haisomwi. Likawa kup. Kwa hiyo yule bwana alisema Kimarekani, mkewe akasema Kiingereza cha Uingereza, na kati yenu watatu wewe ndiye uliyekuwa jirani zaidi na wenye neno lao.

Na Kifaransa chenyewe kina neno coupe lisilo na alama, nalo hutamkwa kup barabara. Maana yake kombe. Wapenzi wa mpira wameliona: Kombe la Dunia kwa Wafaransa ni Coupe du Monde. Alama ile ndogo ndiyo inayomjulisha msomaji kama ni gari au ni kombe.

MwanaKwerekwe

Mwalimu, Mungu akulipe kheri. Nimesoma mara tatu. Lakini umenifungulia swali jengine. Kama t ya Chevrolet haitamkwi, mbona "boneti" tunaitamka t, na Waingereza wenyewe wanaitamka? Si Kifaransa hicho pia?

Mwl_Machomane

Swali zuri sana, na hapo ndipo wengi hukwama.

Waingereza hawakuazima Kifaransa siku moja. Wafaransa wa Normandy waliiteka Uingereza mwaka 1066, na kwa mamia ya miaka maneno yakawa yanamiminika. Maneno ya zamani hizo yameshakuwa Kiingereza kabisa, yanatamkwa kwa ulimi wa Kiingereza, na t ya mwisho inasikika. Bonnet ilikuwa kofia. Wameshaivaa tangu zama za kati, na t yake wanaitamka. Sisi tukaipokea kwao tukasema boneti. Jaketi, tiketi na bajeti zina asili ya Kifaransa pia, zimepita njia hiyo hiyo, na t imefika nazo mpaka kwetu.

Baadaye ikaja azima nyengine, kuanzia karne ya 17 na ya 18, wakati mtu wa heshima Ulaya alikuwa lazima ajue Kifaransa. Maneno ya safari hii Waingereza walijitahidi kuyasema kama wenyewe Wafaransa. T ya mwisho ikanyamaza. Cabriolet ni la kundi hilo: Mfaransa anasema ka-bri-o-LE, Mwingereza ka-bri-o-LEI. Asili yake ni mruko wa mbuzi, kwa sababu gari lile la magurudumu mawili lilikuwa jepesi, likienda linarukaruka. Walilifupisha wakasema cab, na ndiyo hiyo cab wanayoita teksi mpaka leo.

Chevrolet ni jina la mtu. Louis Chevrolet alizaliwa Uswisi mwaka 1878, upande wanaosema Kifaransa, akahamia Marekani akawa dereva wa mashindano, na mwaka 1911 ikaanzishwa kampuni Detroit kwa jina lake. Wamarekani wanasema shev-ro-LEI, hawaitamki t.

Herufi ch nazo zina umri. Neno la zamani lina ch kama yetu, neno jipya lina sh. Mitsubishi Chariot kwa Kiingereza ni "chariot", kwa ch, kwa sababu ni neno la zamani. Mfaransa akiliona atasema "sharyo". Lakini chauffeur, chassis na Chevrolet zote ni sh.

FundiWaSaateni

Hapo kwenye chassis nipo. Sisi gereji tunasema "chesisi", wengine "chasisi". Ukiomba namba ya chesisi kila fundi wa Unguja na Pemba anajua aangalie wapi. Ina maana Mwingereza anasemaje?

Mwl_Machomane

Anasema shasi. S ya mwisho kimya, kama Mfaransa. Zikiwa nyingi anaandika vile vile bila kuongeza kitu, ila anatamka "shasiz". Neno lenyewe Kifaransa ni fremu, hata ya dirisha.

KijanaWaMichenzani

Nasoma hapa nasikitika. Kumbe tumekuwa tukikosea miaka yote! Gereji si neno, ni garage, na lisemwe kwa Kifaransa chake. Chesisi si neno. Pijo si neno. Jina lina mwenyewe na mwenyewe ndiye mwenye haki nalo. Tukitaka kuheshimika kwenye biashara tuseme kama wenyewe.

MngazijaMalindi

Kijana wangu, mie nimekulia Moroni, Kifaransa nimekisoma tangu skuli ya mwanzo, nimeolewa hapa Malindi. Nakwambia kwa mapenzi, hilo la "kama wenyewe" ni refu kuliko unavyodhani. Ngoja nikupe mawili matatu halafu uniambie kama utalisema hivyo dukani Darajani.

Peugeot. Ile silabi ya kwanza si pe wala po wala pi. Tamka e huku midomo umeikunja kama unasema o. Ushaipata? Sasa g ya katikati. Kiswahili hatuna sauti yake, lakini unaweza kuitafuta. Sema s, halafu itie mngurumo kooni, inakuwa z. Fanya vivyo hivyo na sh: itie mngurumo ule ule. Hiyo ndiyo sauti, na wengi huiandika zh. Kisha o, na t unaiwacha. Waingereza wenyewe silabi ya kwanza imewashinda, wanasema "pəə-zho" (hiyo ə ni irabu hafifu, ya kumeza), na Wamarekani "pu-zho".

Renault. Hapa Wazanzibari mna bahati ambayo Mwingereza hana. R ya Kifaransa haipigwi kwa ncha ya ulimi, inatoka nyuma kooni, na inakaribiana sana na gh yetu ya "ghali" na "lugha". Mtoto aliyepita chuo cha Kurani akasomeshwa makhraj, yaani namna ya kutoa herufi za Kiarabu, ghayn yake ikakaa sawa, r ya Kifaransa haimsumbui. Sema "gheno", e yenyewe hafifu kama unaimeza. Zile herufi "au" husomwa o, na lt ya mwisho kimya. Mwenye yadi wako, MwanaKwerekwe, anaitamka t ambayo hata babu zake Renault hawakuitamka. Fundi wenu yuko karibu zaidi.

Citroën inawachanganya watu kwa zile nukta mbili. Nukta zinasema: e hii isimame peke yake, usiichanganye na o. Si-tro-en, na n inasikika. Jina hili lina hadithi ambayo mie huipenda. Mababu wa André Citroën walikuwa Uholanzi, wauza matunda, na jina la ukoo lilikuwa Limoenman, yaani mtu wa ndimu. Baadaye likageuzwa Citroen, ambalo kwa Kiholanzi ni limau. Familia ilihamia Paris mwaka 1873 na huko ndiko nukta zilikoongezwa. Kutoka ndimu hadi limau, kutoka limau hadi gari.

AmiWaWete

Nimefurahi kuona vijana mnaulizana mambo ya maana. Mie ni mtu mzima, niseme langu kuhusu Pijo.

Hapa Wete mjomba wangu alikuwa na Pijo 404, na baadaye jirani yetu akawa na 504 pikapu. Msimu wa karafuu pikapu ile ililala barabarani. Hakuna aliyesema "pezho" wala "puzho". Ilikuwa Pijo kwa sheha, Pijo kwa fundi, Pijo kwa mtoto mdogo. Na heshima yake haikupungua hata chembe. Mashindano ya Safari Rally tuliyasikiliza redioni: 404 ilishinda mwaka 1963, halafu 1966, 1967 na 1968 mfululizo. Ikaja 504 ikachukua 1975. Mwaka 1978 ikashinda tena, dereva Mfaransa Jean-Pierre Nicolas, na ile, mwanangu MwanaKwerekwe, ilikuwa 504 Coupé ya injini ya V6. Ungelikuwepo ungeliona kupe alivyopita kwenye tope.

Kijana wa Michenzani anasema Pijo si neno. Sasa lile tulilokuwa tukilisema miaka yote hiyo, tukaelewana, tukauziana gari, tukatumiana spea, lilikuwa nini?

KijanaWaMichenzani

Ami shikamoo. Sikukusudia kuwavunjia heshima wazee, nisamehe. Lakini bado nauliza: mtoto akienda kusoma nje akasema Pijo, hawatamcheka kama alivyochekwa mwenzetu?

AmiWaWete

Marahaba. Hujanivunjia kitu.

Mwl_Machomane

Hofu yako naielewa, kijana, na wanafunzi wangu wengi wanayo. Lakini tazama hao wanaocheka wamefanya nini. Mji wa Detroit ulianzishwa na Mfaransa Antoine de la Mothe Cadillac mwaka 1701. Détroit kwa Kifaransa ni mlango wa bahari, maji membamba kati ya nchi mbili, kama haya yanayotutenga sisi na Tanga. Mwamerika anasema "ditroiti", hasemi kama Mfaransa. Mwaka 1902 ikaanzishwa kampuni ya gari kwa jina la bwana huyo. Mfaransa akiliona Cadillac anasema "kadiyak", Mmarekani "kadilak". Pontiac walikuwa na gari iitwayo Le Mans, jina la mji wa mashindano ya saa 24. Mfaransa husema "lə mã", irabu inapita puani na s haisikiki. Wamarekani wakasema "lemanz". Wakawa pia na Grand Prix, na hapo wakainyamazisha x vizuri tu. Buick LeSabre wakaifanya "lesebar". Kampuni ya Mercury ikawa na Grand Marquis, Wamarekani wakasema "marki" kwa Kifaransa, wakati Mwingereza cheo hicho hicho anakiita "makwis".

Hakuna hata mmoja aliyeona haya. Garage lenyewe, Waingereza kwa Waingereza hawajakubaliana: mmoja anasema "gara-zh", mwengine "gariji". Sisi tulichukua la huyu wa pili. Gereji ni Kiswahili, lina wingi wake, lina ngeli yake, lipo kwenye kamusi. Saluni yetu ya nywele imetoka salon, chumba cha wageni, na salon hiyo hiyo Waingereza wameipachika gari ya familia wakaiita saloon. Hata divai, wajuzi wa maneno wanaitoa kwenye du vin ya Kifaransa. Nani leo atamsahihisha mtu aliyesema divai?

Mie ninalowaambia wanafunzi ni hili: ukisema Kiswahili, sema gereji na chesisi na Pijo, na uzikaze mahali pake kama Mswahili. Ukisema Kiingereza na mgeni, sema shasi na kupei, au kup kama ni Mmarekani. Tahajia lakini ijue ile ya asili, kwa sababu ndiyo anayoitafuta mnunuzi na ndiyo iliyoandikwa kwenye kadi ya gari. Fundi wetu wa Saateni hakuponzwa na kusema kupe. Ilikuwa aandike coupé na aseme milango miwili.

FundiWaSaateni

Kweli mwalimu. Nilituma ujumbe wa sauti tu. Sikuandika.

DadaBububu

Mie ni mtembezaji wageni, Kifaransa changu ni cha njiani lakini kinanilisha. Niongeze moja kuhusu chauffeur, maana wageni wananiuliza "shofəə wetu yuko wapi" kila asubuhi. Maana ya asili ni mtu wa kutia moto, mwasha tanuri, kwa sababu gari za mwanzo zilikwenda kwa mvuke na ilibidi mtu achochee. Sisi tukachukua dereva kwa Waingereza, lakini Waswahili wa Kongo, waliotawaliwa na Wabelgiji wanaosema Kifaransa, wao wanasema shoferi. Nimembeba mgeni wa Lubumbashi, Kiswahili chetu kilikuwa kinapishana hapo tu na tukaelewana.

Na limousine, ya maharusi ile, imetoka Limousin, jimbo la zamani la Ufaransa. Mfaransa anasema li-mu-zin, e ya mwisho haisikiki, ila ndiyo inayoifanya n isikike. Ukiikuta e tupu mwishoni usiitamke, itamke konsonanti iliyo kabla yake. Ndivyo na Corvette, t inasikika. Konsonanti ikiwa mwishoni peke yake, mara nyingi inanyamaza.

MwanaKwerekwe

Dada, kwa kanuni hiyo basi Toyota Porte ni "port"? Maana sisi yadi tunasema "Pote", na hiyo ndiyo gari inayotoka sana kwa kina mama wenye watoto.

MngazijaMalindi

Kifaransa ndiyo, "poght", e kimya. Maana yake mlango.

MnunuziMnadani

Subirini kwenye Porte, hapo Kifaransa peke yake hakitoshi.

Mie nanunua gari kwenye minada ya Japani, na nilikaa Nagoya miaka mitatu kwa mafunzo. Majina haya ya Kifaransa tunayoyaona kwenye Toyota, Nissan na Suzuki hayakupewa na Wafaransa, yalipewa na Wajapani. Na Mjapani ulimi wake, wallahi, ni ndugu wa ulimi wetu. Silabi zake karibu zote zinaisha kwa irabu. Akipata neno lenye konsonanti mbili zilizogandana anazitia irabu katikati, kama sisi tulivyofanya "tiketi" na "bajeti". Porte yeye anaisema "po-ru-te". E ya mwisho anaitamka! Kwa hiyo mwenye jina, aliyeibandika kwenye gari, anasema karibu na "Pote" ya Mwanakwerekwe kuliko "port" ya Paris. Na jina limekaa mahali pake: ile ya kwanza ya mwaka 2004 upande wa abiria, kushoto, ina mlango mmoja mkubwa wa kuteleza kwa umeme. Sisi pia tunaendesha kushoto, kwa hiyo mtoto anashukia upande wa watu, hashukii barabarani.

Toyota Progrès, hapo wengi tunasema "Progresi". Kifaransa s haitamkwi, progrè, maendeleo. Mjapani naye hakuitamka, anasema "pu-ro-gu-re". Sikilizeni kwenye tangazo lao lolote la zamani.

Nissan Avenir ni wakati ujao. R hii Mfaransa anaitamka, na Mjapani anasema "a-be-ni-ru", kwa sababu v kwake mara nyingi inakuwa b. Suzuki Alto Lapin ni sungura, na ukiangalia nembo ya mbele utamwona sungura mwenyewe na masikio yake. Mfaransa anaipitisha puani, Mjapani anasema "ra-pan".

Na coupé, MwanaKwerekwe. Mjapani anaandika na kusema "kuupe". Ukimpigia dalali wa Yokohama ukamwambia kupe, atakuelewa bila kukuuliza mara mbili.

Yakhe505

Subhanallah. Mie nilikuja na kup yangu, naondoka na kupe.

KijanaWaMichenzani

Hili la Wajapani sikulijua kabisa. Nilidhani sisi peke yetu ndio tunaotia irabu. Nakubali, Pijo ni neno. Ami, ile 504 pikapu ipo mpaka leo?

AmiWaWete

Bodi ipo nyuma ya nyumba, chini ya mfenesi. Injini ilishauzwa. Kuku wanatagia.

MwanaKwerekwe

Wanajukwaa, nimekaa na daftari tangu magharibi, nimeandika kila neno kwa safu tatu: linavyoandikwa, linavyosemwa kwa Kiswahili chetu, na linavyosemwa kwa Kiingereza. Safu ya Kifaransa nimeifanya kwa penseli, bi Mngazija, maana ile e ya midomo ya o bado inanisumbua. Nimeisema mbele ya kioo mpaka mdogo wangu akaniuliza kama naumwa meno.

Tangazo la BMW nimeliandika upya: "BMW Coupé (kupe), milango miwili." Mwenye yadi alitaka niifute kupe, akasema wateja watacheka. Nimemweleza habari ya kukatwa kwa gari la farasi, nikamweleza na 504 ya mwaka 1978. Akakaa kimya, kisha akasema iache.

Nina swali moja la mwisho kwa mwalimu. Mteja akija akaniambia "kup", nimsahihishe?

Mwl_Machomane

Usimsahihishe. Muulize anataka ya milango miwili au minne, umwoneshe gari. Akikuuliza jina limetoka wapi, hapo mweleze, na umweleze vizuri kama ulivyomweleza mwenye yadi.

MngazijaMalindi

Na ile e, njoo Malindi siku yoyote baada ya alasiri. Nitakufundisha kwa dakika kumi. Siri yake ni kushika midomo kwa vidole viwili mpaka izoee.

FundiWaSaateni

Narudi na habari. Nilimwandikia muuza spea, safari hii kwa maandishi: coupé, milango miwili, mlango wa dereva, namba ya chesisi kamili. Akajibu papo hapo akaniuliza kwa nini sikusema hivyo mwanzo. Kioo kimeshushwa bandarini jana, nimekifunga leo asubuhi. Kimeingia.

Kile kifupi bado kipo ukutani. Mwenye gari ya milango minne ya aina hiyo aniandikie, namuuzia kwa bei niliyonunulia.